Ndege haijafika mpaka elisi isimame

Pembeni ya viwanja vidogo vya ndege mashariki ya Kongo kuna maneno yanayosikika karibu kila jioni: "Ikisha gusa chini, mambo yamekwisha." Abiria wanapiga makofi. Wengine wanafanya ishara ya msalaba, wengine wanafungua mikanda na kuwasha simu. Nje, mwenye mzigo anasogea karibu na pisti, wapakizi wanakimbilia mlango, na motari anawasha taa ya pikipiki yake ili apate mteja wa kwanza. Kwa wote hao hatari ilikuwa angani. Chini, ndege ni gari lenye mabawa.

Maneno hayo ni ya uongo hata mchana. Usiku yanaua. Na wanaoyarudia zaidi ni watu ambao kazi yao ilikuwa kuyakataa: wenye ndege, wenye mizigo, viongozi wanaochelewa na kutaka wangojewe, na wasimamizi wa viwanja wanaofumba macho.

Jua halingoji mkubwa

Mashariki ya nchi jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Kwa kuwa ikweta iko karibu, giza haliji polepole. Nusu saa baadaye mtu hatambui uso wa jirani yake. Ndiyo sababu kiwanja kisicho na taa hufunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama. Kila rubani anaijua kanuni hiyo, na kila mpangaji wa safari anaijua.

Lakini kanuni hiyo imefanyiwa mlango wa nyuma. Watu wanaisoma kana kwamba inahusu kuruka na kutua peke yake. Safari ya saa tisa inaondoka saa kumi na moja kasoro, kwa sababu mkubwa fulani hajafika, au kwa sababu mfanyabiashara ameleta mifuko mitano zaidi na mizani imeanza upya. Ndege inatua dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, na kila mtu anasema sheria imeheshimiwa. Kumbe kwenye viwanja vingi vya namna hiyo hakuna njia ya pembeni ya kupitishia ndege. Rubani analazimika kwenda hadi mwisho, ageuze, arudi juu ya pisti ileile, kisha atafute mahali pa kuegesha katikati ya mapipa, magari na watu. Hapo giza limekwisha ingia.

Alfajiri ni mambo yaleyale. Kabla ya mwanga injini inawashwa na ndege inaanza kutembea ili iwe ya kwanza kuruka, maana anayetangulia atafanya mizunguko mitatu kwa siku na anayechelewa atafanya miwili. Tena kuna ndege zinazohamishwa usiku kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine ili nyingine ipate nafasi. Anayeuliza hupewa jibu moja: "Haijaruka. Inatembea tu."

Kutembea kwenyewe ndiko tatizo

Gari lina taa mbili zinazoangaza upana wote wa gari na zaidi ya hapo. Ndege ndogo ina taa moja au mbili zilizofungwa bawani au kwenye mguu wa mbele, na zinatazama mbele tu. Cessna Caravan, ndege inayojulikana na karibu kila mtu anayesafiri vijijini, ina mabawa ya karibu mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Rubani amekaa katikati, na kila ncha iko mita nane kutoka alipo, gizani. Anapokata kona, taa inaangaza kule pua inakoelekea, huku bawa la nje likifagia mahali ambapo taa haijafika. Nguzo, lori la mafuta, mkia wa ndege nyingine: vyote vinaweza kuwa katika njia ya bawa hilo bila yeye kuona chochote. Na katika ndege hiyo mara nyingi rubani yuko peke yake, hana mwenzake wa kutazama upande wa pili.

Elisi, yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, ni mbaya zaidi. Mchana huonekana kama ukungu mwepesi. Usiku hayaonekani kabisa. Mpakizi anayekuja mbio anaona taa na anaona mlango, haoni kilicho katikati. Masikio pia hayamsaidii, kwa sababu ndege ya pili ikiunguruma karibu, hawezi kujua ni injini ipi imezimwa. Ndege ina taa nyekundu inayomweka, na maana yake ni kwamba injini inazunguka au iko karibu kuwashwa, watu wakae mbali. Ni wapakizi wangapi wamewahi kufundishwa maana ya taa hiyo? Wengi wanaiona kama pambo. Na wapo wasimamizi wanaoruhusu mizigo ishushwe elisi ikiwa bado inazunguka, eti kuokoa muda na betri.

Macho ya rubani nayo yana mipaka yake. Jicho la binadamu linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali unaharibu kazi hiyo yote kwa sekunde moja. Wamotari wanaoelekeza taa zao kwenye pisti wakidhani wanasaidia, kwa kweli wanampofusha mtu ambaye uhai wa wengi uko mikononi mwake. Vilevile gizani hakuna miti wala nyumba za kupimia mwendo. Rubani anadhani anakwenda taratibu kama mtu anayetembea, kumbe ndege inakimbia. Akisimama na kuinama kusoma orodha yake ya ukaguzi, ndege inaweza kuanza kusogea bila yeye kuhisi. Ndege ya jirani ikisogea, anaweza kudhani ni yake inayosogea.

Kwa sababu hizo zote viwanja vyenye vifaa vina lugha ya rangi. Taa za buluu huonyesha kingo za njia za pembeni, nyeupe huonyesha kingo za pisti, nyekundu huonyesha mwisho wake. Ubao mwekundu wenye maandishi meupe humwambia rubani asimame hapo mpaka apewe ruhusa ya kuingia. Ndege yenyewe ina taa nyekundu bawa la kushoto, ya kijani bawa la kulia na nyeupe mkiani, ili mwingine ajue inaelekea wapi. Kwenye kiwanja cha udongo kisicho na hata taa moja ya ukingo, lugha hiyo haipo. Rubani anabaki na tochi ya askari na kelele za watu.

Hata penye taa, watu wamekufa

Wanaosema kwamba kutembeza ndege usiku ni jambo dogo wangetazama yaliyotokea kwenye viwanja vikubwa, vyenye taa, minara na mitambo ya kila aina.

Los Angeles, Marekani, tarehe 1 Februari 1991, usiku. Ndege ndogo ya abiria aina ya Metroliner iliambiwa iingie pisti na kungoja. Mwongoza ndege akaisahau, akairuhusu Boeing 737 itue palepale. Marubani wa Boeing hawakuiona ndege ndogo kwa wakati, kwa sababu taa zake zilipotelea kati ya taa za pisti. Watu wote 12 waliokuwa katika ile ndogo walikufa, pamoja na zaidi ya 20 katika ile kubwa. Ndege ndogo ilikuwa chini, imesimama, inatii amri iliyopewa.

Paris, Ufaransa, usiku wa tarehe 25 Mei 2000, uwanja wa Charles-de-Gaulle. Ndege ya mizigo aina ya Shorts 330 iliingia pisti wakati ndege ya abiria, MD-83, ilikuwa inakimbia kuruka. Bawa la ile kubwa lilipasua chumba cha marubani wa ile ndogo na kumwua rubani msaidizi. Mnara ulikuwa ukisema Kifaransa na ndege kubwa na Kiingereza na ndege ndogo, hivyo marubani wa ile ndogo hawakuelewa kwamba mwenzao amekwisha ruhusiwa kuruka. Jambo hilo liwaamshe viongozi wa viwanja vya Kongo, ambako mnara husema Kifaransa, rubani anaweza kuwa mtu wa Kirusi au wa Kiingereza, na vijana wa chini wanapigiana kelele kwa Kiswahili na Lingala. Paris mchanganyiko wa lugha mbili tu ulichangia kifo.

Lexington, jimbo la Kentucky huko Marekani, tarehe 27 Agosti 2006, asubuhi kabla ya jua kuchomoza. Ndege yenye watu 50 ilitembea gizani ikakata kona mapema, ikaingia pisti isiyo yake, yenye nusu tu ya urefu wa ile iliyotakiwa. Pisti hiyo haikuwa na taa zinazowaka. Rubani msaidizi alilishangaa jambo hilo kwa sauti, lakini hawakusimama. Watu 49 walikufa, yeye peke yake akapona. Hao hawakuuawa na dhoruba wala injini mbovu. Kosa lilifanyika wakati wa "kutembea tu".

Na Tokyo, Japani, tarehe 2 Januari 2024, giza lilipokuwa limeingia, kwenye uwanja wa Haneda. Ndege ya walinzi wa pwani ilikuwa imebeba msaada kwa watu walioathiriwa na tetemeko la ardhi. Rubani wake aliamini kwamba amepewa ruhusa ya kuingia pisti, na haikuwa hivyo. Airbus ya abiria ikatua juu yake. Watu wote 379 wa Airbus walitoka salama, lakini watano kati ya sita wa ndege ya msaada walikufa. Mashariki ya Kongo ndege nyingi ndogo hubeba msaada, dawa na wagonjwa. Kazi njema huleta haraka, na haraka hiyo haimlindi mtu gizani.

Viwanja vyote vinne vilikuwa na taa na waongoza ndege. Mkubwa anayedai kwamba kiwanja cha udongo, chenye shimo katikati na mbuzi pembeni, kinaweza kupitisha ndege usiku bila tatizo, anasema kwamba yeye anajua kuliko hao wote.

Pisti moja ikifungwa

Kuna hasara nyingine ambayo haipigiwi hesabu. Gizani rubani haoni shimo, haoni mfereji wa maji ya mvua, haoni mahali udongo ulipolainika. Gurudumu la mbele likiingia humo, mguu unavunjika, pua inaanguka na elisi inagonga ardhi. Elisi ikigonga ardhi, injini lazima ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kuruka tena. Ndege inabaki pale ilipo, juu ya pisti pekee ya mahali hapo.

Wakaaji wa Shabunda wanajua maana yake. Kwa miaka mingi sabuni, chumvi, dawa na mafuta vimewafikia kwa ndege kwa sababu barabara haipitiki, na bei ya kitu kimoja huko si ile ya Bukavu. Pisti ikizibwa siku tatu, duka linaishiwa. Ikizibwa wiki, mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue hana njia ya kutoka. Na uwanja wa Goma ulipofungwa vita vilipoingia mjini Januari 2025, misaada yenyewe ilikosa mlango. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema hajui thamani ya kiwanja cha ndege, hata kiwe kidogo namna gani. Kuhatarisha pisti kwa ajili ya mzunguko mmoja wa biashara ni kuchezea chakula na uhai wa watu ambao hawakupanda ndege hiyo.

Tena kuna wale wanaokaa pembeni. Miji imekua mpaka kwenye kingo za viwanja. Watu wanakatiza pisti kwenda shambani, sokoni, kanisani. Usiku wanakatiza bila tochi, mlevi akiwa kati yao. Goma walijifunza tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 iliposhindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti iliyokuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ikaingia mtaa wa Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa mtaani. Hiyo ilikuwa mchana, na ndege kubwa. Lakini jambo lenyewe ni lilelile: pisti na mtaa vikigusana, anayelipa mara nyingi ni yule ambaye hakununua tiketi.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza ni pesa. Ni kweli, taa za pisti na mitambo yake ni gharama kubwa, na hakuna anayetarajia kila kiwanja cha kijijini kiwe kama cha Kinshasa. Lakini mtu wa kutembea mbele ya ndege na tochi hagharimu kitu kama hicho. Makoti yanayong'aa kwa wapakizi kumi, rangi nyeupe kwenye mawe ya pembeni, filimbi kwa walinzi, siku moja ya kuwafundisha vijana maana ya taa nyekundu: yote hayo ni madogo kuliko faida ya mizigo ya safari chache. Wanaokusanya kodi kwa kila abiria na kila kilo waonyeshe walau hayo.

Kisingizio cha pili ni mgonjwa. "Je, mtu akiwa anakufa usiku?" Swali hilo ni la haki na linahitaji jibu la kweli. Ndiyo, kuna usiku ambapo daktari na rubani watakaa na kupima hatari mbili. Lakini hapo ndipo maandalizi yanapohitajika zaidi: pisti ipitiwe kwa miguu kwanza, watu waondolewe, walinzi wasimame kila upande, na kila mmoja ajue ishara moja. Na ukweli ni kwamba ndege nyingi zinazotembea gizani hazina mgonjwa ndani. Zina bia, samaki, vitenge na mkubwa aliyechelewa chakulani. Mgonjwa anatajwa ili mzigo upite.

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote: "Hapa bado hakuna aliyekufa." Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali mpaka siku ile. Hakuna anayejenga daraja kwa sababu hakuna aliyezama bado. Tangu 2006 makampuni ya ndege ya Kongo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya makampuni yasiyoruhusiwa kuruka huko. Wapo wanaoiita dharau. Lakini orodha hiyo haitafutwa kwa hotuba. Itafutwa siku ambayo kanuni ndogo, kama ya kusimamisha ndege jua likizama, inaheshimiwa hata wakati hakuna mkaguzi anayetazama.

Nini kifanyike

Kila kiwanja kisicho na taa kiwe na saa ya mwisho inayohesabiwa mpaka elisi inaposimama mahali pa kuegesha, na saa hiyo iwe nusu saa kabla ya jua kuzama. Safari isiyoweza kutimiza hesabu hiyo ilale ilipo. Alfajiri injini isiwashwe mpaka rubani aone mwisho wa pisti kwa macho yake. Ndege iliyoshikwa na giza chini izimwe na isukumwe kwa mikono, mtu mmoja kwenye kila ncha ya bawa. Na kama lazima itembee kwa injini, itembee kwa mwendo wa mtu anayeitangulia na tochi. Mtu yeyote asisogee mpaka elisi isimame kabisa, hata kama mzigo ni wa nani.

RVA, inayosimamia viwanja vikubwa na vingi vya wastani, na mamlaka ya usafiri wa anga huko Kinshasa, waandike hayo kwa lugha ambayo wapakizi wanaisoma, wayabandike ukutani, na waadhibu anayeyavunja hata akiwa na cheo. Machifu na mashirika ya kiraia wawazuie watu kukatiza pisti, kwa sababu serikali haitaweka askari kila mita mia.

Na rubani alindwe. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinampa rubani mkuu neno la mwisho juu ya ndege yake. Lakini rubani anayekataa kutembea gizani huitwa mwoga, na kesho yake huenda akakuta kiti chake kimepewa mwingine. Mwenye kampuni anayemfukuza rubani kwa kukataa anastahili kufungiwa yeye.

Karibu saa kumi alasiri, mahali fulani, mtu atamwomba rubani angoje dakika kumi tu, mkubwa yuko njiani. Dakika kumi zitakuwa arobaini. Rubani atatazama jua, atatazama orodha ya abiria, atatazama simu ya mwenye ndege inayolia. Abiria walioketi ndani wana sauti pia. Waseme hapo hapo, kabla mlango haujafungwa, kwamba wao watasafiri kesho.